Sindano Ilimkubali Hawo, Ikanikataa Mimi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, asifiwe na nyinyi watoto wa kule nyuma ambao kila nikifungua kinywa mnageuka kumtafuta mwanamume aliyesema. Ni mimi, Mama Jillo. Sauti hii nzito ni yangu. Zamani niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa hili, na waliokuwapo wanakumbuka. Leo nikiimba, naimba na akina baba. Nimezoea. Asifiwe Mungu aliyeniachia sauti, iwayo yote.

Mchungaji ameniomba kwa muda mrefu nisimame hapa, na mimi nimekuwa nikikwepa. Watu hupenda ushuhuda uwe mtamu mwishoni, na wangu si mtamu sana. Una kaburi ndani yake. Lakini kunyamaza nako kumenichosha. Basi nivumilieni.

Kwa mgeni asiyenijua, jina langu ni Raeli, mke wa Komora, mkulima wa Minjila. Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka moja hapa Garsen, karibu na pale yanaposimama mabasi ya Lamu na ya Malindi. Nilishona sare za shule, magauni ya arusi, hata kanzu za jirani zetu Waislamu wakati wa Idi. Nilikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa kawaida. Sikuwa mzuri wa kusifiwa barabarani, lakini hakuna mtoto aliyewahi kunikimbia.

Mambo yalianza mikononi. Kidole gumba kilikataa kuingia kwenye tundu la mkasi wangu, mkasi niliokuwa nao tangu nijifunze kazi. Nikadhani chuma kimepinda. Nikaazima mwingine, nao ukanibana. Kisha pete ya ndoa ikaanza kunikata nyama, hata Komora akaikata kwa msumeno huku akiniambia, "Tulia, Mama Jillo, usitikisike." Tulicheka siku ile. Tulisema ni unene wa shibe.

Haikuwa shibe. Miguu ikakua, nikaanza kuvaa ndara za mume wangu. Taya likatoka mbele. Meno ya chini yakaachana, pua ikapanuka, ulimi ukawa mzito kinywani kama si wangu. Nikawa natoka jasho hata wakati wa upepo. Nikakoroma mpaka watoto wakahamia chumba kingine. Kichwa kikauma asubuhi, kikauma jioni. Siku zangu za mwezi zikakatika.

Na uovu wa ugonjwa huu, ndugu zangu, ni kwamba hauji kwa kishindo. Unakuja miaka na miaka, kidogo kidogo. Wewe mwenyewe huoni, wa nyumbani kwako hawaoni. Anayeona ni mgeni.

Mgeni aliyeniona mimi alikuwa askari wa kizuizi. Mnakumbuka zile siku ambazo mabasi yalikwenda kwa msafara, kwa kuogopa majambazi wa njiani, na askari wakikagua kila abiria. Nilikuwa nakwenda Malindi kununua vitambaa. Askari akachukua kitambulisho changu, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Mama, hiki ni cha nani?"

"Ni changu, afande."

"Si chako. Ni cha mdogo wako. Shuka."

Nikashuka mbele ya basi zima. Nikasimama juani, najieleza kwa ulimi huu mzito, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mwisho utingo akashuka akasema, "Afande, huyu ni fundi wa Garsen, namjua tangu zamani. Anaumwa tu." Askari akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. Akainamisha macho, akasema, "Pole, mama."

Afadhali angenitukana! Ile pole iliniingia kama kisu. Nilifika Malindi, nikaingia duka la vitambaa, na pale dukani palikuwa na kioo kirefu. Nikajitazama kwa macho ya yule askari. Ndugu zangu, sikumjua niliyemwona.

Basi maneno yakaanza, au labda yalikuwapo siku zote na sasa nikaanza kuyasikia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema mbele ya wageni kwamba huyu siye Raeli aliyeletwa nyumbani kwake. Wengine wakasema nimeingiwa na kitu cha mtoni. Nikaombewa. Nikawekewa mikono hapa hapa kanisani, likakemewa lililo ndani yangu kwa sauti kuu, nami kwa udhaifu nikaanguka, na watu wakashangilia kwamba limetoka. Mlioniombea mpo humu. Siwalaumu, mlikuja kwa upendo. Lakini asubuhi mikono ilikuwa ileile, na sasa nilikuwa na mzigo wa pili: kwamba nimeombewa na sikupona.

Kulikuwa na jambo jingine nililolificha. Wazee mnisamehe, sitalipita, kwa sababu ndani yake ndimo Mungu alimopitia. Matiti yangu yalitoa maziwa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anakwenda shule, mimba sina, na maziwa yanatoka. Nilijifunga vitambaa kifuani chini ya blauzi, nikavifua kwa siri, nikavianika ndani. Hata Komora sikumwambia. Niliogopa kwamba jambo hilo likijulikana, basi maneno yote yatakuwa kweli.

Na Komora? Hakunifukuza, ingawa ndugu zake walimshauri. Hakuoa mwingine. Lakini aliacha kunitazama usoni. Akizungumza nami alitazama mlango, au sufuria, au mikono yake mwenyewe. Tuliishi hivyo, nyumba moja, kama watu wanaosubiri basi moja bila kujuana.

Kilichotuondoa nyumbani ni macho. Nilianza kutoona pembeni. Nikaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kati ya mbao mbili. Nikagongwa na baiskeli mchana kweupe hapa Garsen, sikuiona kabisa ikija. Ndipo Komora akasema, akitazama ukuta, "Kesho twende Malindi. Nisipokupeleka, utakufa mikononi mwangu."

Daktari aliyetupokea hospitalini hakunigusa kichwa. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akauliza, "Mama, viatu vyako vimebadilika namba?"

Nikaanza kulia! Kwa miaka yote ile, huyu ndiye mtu wa kwanza kuuliza swali lililokuwa langu.

Alisema ni ugonjwa unaojulikana, una jina refu la kizungu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, na ndani yake umeota uvimbe, na uvimbe huo unamwaga homoni ya ukuaji kana kwamba mimi ni mtoto anayetakiwa kurefuka. Mifupa ya mtu mzima haiwezi kurefuka, kwa hiyo inanenepa. Na uvimbe ukikua unabana mishipa ya macho. Hakuna jini. Hakuna aliyeniroga. Nilimtazama Komora, naye akautazama mlango, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

Tukapelekwa Mombasa kupigwa picha ya kichwa, na kutoka Mombasa nikapelekwa Nairobi. Komora alirudi shambani kwa watoto. Nikabaki peke yangu katika wodi ya watu nisiowajua, kwenye baridi, nimejifunika shuka hadi usoni.

Ndipo nilipomsikia mwanamke akisema, kwa sauti nzito kama yangu, "Wewe. Ondoa shuka. Mimi nataka ona."

Nikaondoa. Kwenye kitanda cha pili alikuwa ameketi mwanamke wa Kiorma, amejitanda mtandio, na uso wake, ndugu zangu, ulikuwa uso wangu. Taya lile, pua ile, mikono ile. Tulitazamana. Kisha akaangua kicheko kikubwa hata muuguzi akaja kuona kuna nini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilifikiri Mungu ameumba moja tu."

Huyo ndiye Hawo. Alitoka Bangale, kwa wafugaji. Mjane, hana mtoto, anaishi na mama yake na kaka yake Godana. Najua baadhi yenu mnaanza kujisogeza kwenye viti. Najua tunavyogombea maji na hao jamaa zake, najua ng'ombe waliolala katika mashamba yetu na watu walioumizana. Nami nilijua nilipomwona. Lakini katika Nairobi nzima hakuna aliyekuwa ndugu yangu kuliko yeye. Alinisuka nywele. Nilimshonea mtandio wake uliochanika, kwa sindano niliyoishika kwa taabu. Aliposwali swala zake nilinyamaza, nilipoomba mimi alinyamaza.

Wapasuaji walitukataa sote wawili. Mimi, uvimbe wangu ulikuwa umeushika mshipa mkubwa wa damu, hawakuweza kuutoa. Hawo, moyo wake ulikuwa umetanuka kwa ugonjwa uleule, hangestahimili dawa ya usingizi. Ikabaki dawa tu. Na daktari wetu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alikuja akaketi kati ya vitanda vyetu akatueleza ukweli.

Alisema ipo sindano mpya inayozuia ile homoni. Ni adimu, na hospitali ina chache. Na haimkubali kila mtu. Kuna wagonjwa ambao kwao ni uhai, na kuna ambao kwao ni kama maji.

"Utajuaje nani ni nani?" nikauliza.

"Kwa kujaribu. Tutawachoma sindano moja asubuhi, kisha tutawatoa damu kila baada ya saa moja hadi jioni, tuone homoni inaangukaje. Ikianguka sana, tunatabiri kwamba dawa itamkubali mtu huyo. Isipoanguka, tunatabiri haitamkubali."

"Na utabiri huo ni kweli?"

Akatazama karatasi zake. "Mara nyingi. Nimewahi kukosea, na kwa pande zote mbili."

Utabiri! Mimi nilikuwa nimezoea kulisikia neno hilo kanisani. Sasa nalisikia kwa mwanamke mwenye koti jeupe, naye haniahidi kitu.

Siku ya kipimo tulikaa tangu asubuhi na sindano za kutolea damu zimebandikwa mikononi. Damu ikatolewa, tukangoja, ikatolewa tena. Hawo alitapika. Mimi tumbo liliniuma. Niliomba kama sijawahi kuomba. Nilisema, Bwana, angusha homoni hii kama ulivyoangusha kuta za Yeriko! Na nikamwombea Hawo pia, lakini kwa kweli nilijiombea mimi kwanza.

Majibu yalipokuja, homoni ya Hawo ilikuwa imeanguka kabisa. Daktari mwenyewe alitabasamu. Yangu haikuanguka. Ilitikisika kidogo, ikarudi palepale.

"Mama Jillo," daktari akasema, "samahani. Sitakupa sindano hii. Ningekuwa nakudanganya."

Nilijifunika shuka tena. Katika shuka ile nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Kwa nini yeye na si mimi? Mimi nina watoto! Mimi ndiye niliyekuita kwa jina la Mwanao! Hawo hakufurahia jibu lake. Alikuja akaketi miguuni pangu, akakaa hadi chai ya jioni ikaletwa.

Kesho yake daktari alirudi akiwa na majibu ya damu nyingine. Akavuta pazia, akashusha sauti.

"Mama, nikuulize jambo la faragha. Matiti yako hutoa maziwa?"

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kusema hapana. Lile neno hapana lilikuwa tayari kinywani. Na nyuma ya pazia sauti ya Hawo ikasema, "Mama Jillo. Sema. Mimi nimeona nguo yako kule bafuni. Sema."

Nikasema. Nililia nikisema, nikangoja daktari achukizwe. Ndugu zangu, daktari aliweka mkono begani mwangu akasema, "Hizo ni habari njema."

Habari njema! Aibu yangu niliyoifunga kwa vitambaa! Akanieleza kwamba uvimbe wangu unamwaga homoni mbili, ile ya ukuaji na ile ya maziwa. Na wagonjwa wa namna hiyo, mara nyingi kuliko wengine, hukubaliwa na vidonge, vidonge vya zamani ambavyo havina sifa ya ile sindano lakini vinapatikana. Akarudia lile neno lake, kwamba ni utabiri tu. Lakini safari hii alitabiri akinitazama machoni.

Vidonge vile vilinitesa. Kwa majuma ya kwanza nilikuwa nikisimama naona kizunguzungu, nikila natapika. Daktari akavipunguza, akavipandisha tena pole pole. Na siku moja nikagundua kitambaa cha kifuani ni kikavu. Kesho yake kikavu. Kisha jasho likapungua, kichwa kikatulia. Na asubuhi moja nilikuwa nimelala chali, nikamwona muuguzi akipita kwa pembeni. Kwa pembeni! Sikugeuza kichwa. Nikapiga kelele, "Nimekuona!" Naye akadhani nimechanganyikiwa.

Hawo naye alikubaliwa na sindano yake kama ilivyotabiriwa. Mikono yake ikalainika, pumzi yake ikarudi. Kaka yake Godana, mtu mrefu mkimya, alikuja akafundishwa kuchoma, maana ilichomwa mara kadhaa kwa siku. Dawa ikapangiwa kutumwa kwa basi hadi Bangale, ihifadhiwe kwenye friji ya mafuta ya taa pale zahanati, pamoja na chanjo za watoto. Tuliagana Nairobi, yeye akipanda basi la upande wa Garissa na mimi la Mombasa. Alinishika mikono akasema, "Kiangazi, ng'ombe zikishuka delta, kwenu mtoni, mimi nakuja na wao. Wewe pika chai."

Na alikuja! Wengine mlimwona pale barazani kwangu siku ya mnada, mwanamke wa Kiorma anayecheka kwa sauti ya mwanamume, tumekaa wawili na watu wanapita wakigeuka. Alivua kiatu akanionyesha jinsi kinavyocheza mguuni. Aliniuliza, "Bwana yako anakutazama sasa?" Nikasema bado. Akasema, "Atatazama. Mwanamume anachelewa." Tulikunywa chai hadi birika likaisha. Sikumwona tena.

Mwaka huo mvua ilikuja kama mnavyojua. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi habari za maji yale. Nyumba zetu zilikwenda, mpunga na migomba ikalala chini ya maji. Tuliishi juu ya tuta na ng'ombe, mbuzi na nyoka pamoja. Vidonge vyangu nilivifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikauvaa shingoni. Kidonge hakihitaji baridi. Kidonge hakihitaji friji wala mafuta ya taa. Nilimeza kimoja kimoja juu ya tuta lile huku mvua ikininyeshea, nikasema asante Mungu, na hata mara moja sikuwaza ile friji ya Bangale.

Maji yalipopungua na kiangazi kikarudi, Godana alikuja peke yake. Alisimama mbele ya cherehani yangu, fimbo begani. Nilipomwona nikatazama nyuma yake, nikasema kwa furaha, "Yuko wapi?"

Akaketi chini. Akailaza fimbo magotini.

"Barabara ilikatika," akasema. "Gari hapana. Mafuta ya friji ikaisha. Dawa ikaharibika, na nyingine haikuja. Mkono yake ikafura tena. Kisha pumzi. Mimi nilimbeba nipeleke Garissa. Tulifika maji, hapana pita."

"Godana..."

"Alisema, ambia Mama Jillo asiache vidonge."

Ndugu zangu! Kipimo hakikukosea. Daktari hakukosea. Sindano ilimkubali Hawo kabisa, kama walivyosema, na ni mimi niliyekataliwa. Na mimi ndiye ninayesimama hapa. Aliyetabiriwa uzima amelala ardhini, kwa sababu ya tope na chupa ya mafuta ya taa.

Baada ya hapo hamkuniona kanisani. Mlidhani ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Sikuweza kuimba. Kila mtu aliponiambia Mungu amenitendea makuu, nilitaka kuuliza, na Hawo alimtendea nini? Giza lile lilikuwa baya kuliko la macho. La macho lilikuwa pembeni tu.

Aliyenitoa humo ni Komora. Siku moja alisema, "Jiandae. Twende Bangale tukatoe pole." Mkulima wa Minjila kwenda kukaa matangani kwa wafugaji, mwaka ule wa ugomvi! Ndugu zake walimwambia amerukwa na akili. Tukaenda, kwa lori la mbuzi, njia mbovu, vumbi mpaka mapafuni. Sikujua tutapokewaje.

Godana alitupokea akatuingiza kwa mama yao, kizee mdogo aliyekauka. Hakujua Kiswahili. Nikamwamkia, nikasema pole kwa sauti hii yangu, naye akashtuka. Akainuka pale mkekani. Akanitazama uso, taya, pua. Kisha akanyoosha mikono akashika mikono yangu. Akaigeuza, akaipapasa kidole kwa kidole, akaiweka mashavuni pake, akafumba macho.

Akasema neno. Godana akatafsiri: "Anasema, hii mikono ni ya Hawo."

Alikaa hivyo alasiri nzima. Sikuitoa. Mikono hii, ndugu zangu! Niliyoificha ndani ya kanga, iliyokataa mkasi wangu, niliyomlilia Mungu aikate kama hawezi kuiponya! Mama aliyefiwa aliishikilia kama kitu alichorudishiwa. Na hapo ndipo nilipofunguliwa. Si Nairobi. Nairobi nilitibiwa, namshukuru Mungu kwa matibabu. Lakini ile aibu iliyonikaa tangu kizuizini ilinitoka palepale mkekani, na mpaka leo haijarudi.

Nilipogeuka, Komora alikuwa ananitazama. Usoni. Hakutazama mlango.

Basi huo ndio ushuhuda wangu. Uso haukurudi. Daktari alisema mfupa uliokwisha kuota haurudi, na safari hii hakuliita neno hilo utabiri. Vidonge nitavimeza maisha yangu yote, na siku moja huenda vikachoka nami. Nimemwuliza Mungu kwa nini mimi na si Hawo. Hajanijibu. Bado namwuliza, lakini sasa namwuliza nikiwa nyumbani mwake, si mlangoni.

Namshukuru yeye. Namshukuru daktari aliyekataa kunidanganya. Namshukuru mume wangu, yule pale, msimtazame sana, ni mtu wa haya. Na namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke wa Kiorma aliyesema "sema" nyuma ya pazia, nami nikaishi.

Wewe uliyeambiwa haitakukubali, mtumaini Mungu. Na wewe uliyeambiwa itakukubali, mtumaini yeye, usiutumainie utabiri. Wewe uliye na jambo ulilolifunga kwa vitambaa, lifungue mbele ya mtu mmoja, huenda ndilo mlango wako. Siwaahidi kwamba mwisho utakuwa mtamu. Nawaahidi kwamba hamtakuwa peke yenu ndani yake.

Bwana asifiwe. Itikieni polepole tu, ndugu zangu. Leo nimesimama kwa ajili ya wawili.